Kibali cha jike kiko mfukoni: nani mwindaji muungwana?

*Msomaji anauliza: "Mwaka huu nimepata leseni yangu ya kwanza ya kuwinda kulungu hapa Wisconsin. Katika kundi letu yupo mzee wa kaskazini anayesema mwindaji wa kweli hampigi jike. Yupo kijana wa Texas, ambako mashine humwaga mahindi na watu wakasubiri juu ya dungu. Wa tatu ni wa Carolina Kusini, amekulia kwenye kuwinda na mbwa. Kila mmoja anamwona mwenzake hana adabu ya mawindo. Nani ana haki? Na mimi nimepewa kibali cha jike pamoja na cha dume: nikitumie au nikiache?"*

Ndugu yangu, mwamba ngoma huvutia kwake. Ugomvi huo nimeusikia miaka mingi, hasa kwenye vituo ambako wawindaji walikuwa wakileta mizoga isajiliwe na kukadiriwa umri kwa meno. Watu wanasimama kwenye baridi, damu mikononi, wanahukumiana. Siku hizi simsikilizi mtu mahubiri yake mpaka anijibu mambo mawili: kwenu kulungu ni wengi kiasi gani, na ardhi mnayowindia ni ya nani? Akishajibu hayo, mara nyingi adabu yake naijua kabla hajaitaja.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kulungu ninayemsema si yule mnyama wa vichaka vya Afrika mwenye pembe za kudumu, ambaye ni jamaa wa pofu na tandala. Huyu dume lake huota pembe zenye matawi, zikaanguka kila mwaka na kuota upya. Wisconsin, Texas na Carolina Kusini mnawinda spishi ileile moja, kulungu mkia-mweupe. Mnyama ni mmoja, desturi ni tatu. Hapo ndipo utamu wa swali lako ulipo.

Nianze na mzee wenu, maana ndiye mwenye historia ndefu na ndiye anayedharauliwa upesi. Mwiko wake wa kutompiga jike haukutokana na upole wa moyo. Ulizaliwa na uhaba wa wanyama. Kufikia mwaka 1900, Marekani nzima ilikadiriwa kuwa na kulungu mkia-mweupe kati ya 300,000 na 500,000 tu. Misitu ilikuwa imefyekwa, na nyama na ngozi zilipakiwa kwenye treni kwenda kuuzwa mijini mwaka mzima. Majimbo mengi hayakuwa na kulungu wa kutosha hata kumwonyesha mtoto. Ndipo zikaja sheria. Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ilipiga marufuku kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo wanyama waliouawa kinyume cha sheria. Pennsylvania ilikataza kuua majike mwaka 1907, na majimbo mengine yakashika njia hiyohiyo. Mwaka 1937 ikaja sheria ya Pittman-Robertson, iliyoelekeza ushuru wa asilimia 11 wa bunduki ndefu na risasi kwenye kazi za wanyamapori majimboni. Kulungu walikamatwa kule walikobaki wakahamishiwa kule walikokwisha. Leo wanakadiriwa kuwa kama milioni 30.

Sasa fikiria kijana aliyefundishwa na babu yake enzi za uhaba kwamba ukimuua jike umewaua na watoto wake na wajukuu zake. Kwa wakati wake, babu alisema kweli tupu. Kosa likaingia pale kanuni ya dharura ilipogeuzwa kuwa dini. Wanyama waliongezeka, mafundisho yakabaki palepale.

Jimbo lenu liliuonja mgogoro huo mapema. Aldo Leopold, ambaye wengi humwita baba wa elimu ya kusimamia wanyama wa mawindo, alikuwa katika tume ya uhifadhi ya Wisconsin miaka ya 1940. Aliiona misitu ya kaskazini imetafunwa hadi urefu wa shingo ya kulungu, na wanyama wanakufa kwa njaa wakati wa baridi, akapendekeza majike yapunguzwe. Mwaka 1943 msimu ukagawanywa mara mbili, siku chache za madume na siku chache za wasio na pembe. Kulungu zaidi ya 120,000 walipigwa, na wawindaji wakakasirika. Msimu ule ulibandikwa jina la uhalifu wa mwaka 43. Leopold alitukanwa na watu waliopenda mawindo kama yeye. Kwa maoni yangu kuhusu misitu aliona sawasawa, ila alidhani hesabu peke yake ingetosha kumbadilisha mtu kitu alichofundishwa na babu yake. Pennsylvania nao walipitia hayohayo tangu mwaka 2002, dume lilipotakiwa kuwa na idadi fulani ya ncha kwenye pembe ndipo lipigwe, huku majike mengi zaidi yakiruhusiwa. Mtaalamu wa jimbo, Gary Alt, alizunguka kumbi kwa kumbi akieleza, na wapo wawindaji wasiomsamehe mpaka sasa.

Kwa nini jike ndiye anayebishaniwa? Kwa sababu idadi ya kulungu huamuliwa na majike wanaobaki hai, wala si madume. Dume mmoja hupanda majike kadhaa, kwa hiyo ukipiga nusu ya madume, watoto wa mwaka ujao hawapungui sana. Jike mzima mwenye lishe nzuri huzaa mapacha. Jike aliyekulia kwenye mahindi na soya anaweza kushika mimba kabla hajatimiza mwaka. Huko Michigan, mwaka 1928, kulungu sita, madume wawili na majike wanne, waliingizwa katika eneo lililozungushiwa uzio linaloitwa George Reserve. Baada ya miaka sita walihesabiwa zaidi ya 150. Rudia hesabu hiyo kila unapoambiwa kwamba kumwacha jike ni huruma daima. Huruma hiyo hulipwa na miche. Kaskazini mwa jimbo lenu kuna misitu ambamo hemloki na mierezi mikubwa bado imesimama, lakini chini yake hukuti mtoto wa mti hata mmoja, kwa kuwa kila anayechipua huliwa.

Kisa kinachotajwa mno ni cha nyanda za Kaibab, Arizona, ambako wanyama wakali waliuawa, kulungu wakajaa, kisha wakafa kwa njaa katikati ya miaka ya 1920. Tahadhari ukikisikia: takwimu zake zilitiwa chumvi vitabuni, na wataalamu walikuja kuzikosoa. Njaa ilikuwepo. Idadi kamili zinazopita midomoni usizitegemee.

Haya yote hayana maana kwamba mzee wenu amepitwa na wakati. Uliza amekulia wapi kaskazini. Wisconsin si nchi moja kwa kulungu. Kusini na katikati kuna mashamba, vijisitu na chakula tele, na huko kulungu wamezidi. Misitu ya kaskazini ni mambo mengine kabisa, kwa kuwa huko baridi ndiyo mwindaji mkuu. Idara ya maliasili ya jimbo ina kipimo cha ukali wa baridi. Tangu Desemba mosi hadi mwisho wa Aprili huhesabiwa kila siku ambayo theluji imefika sentimita 46 na kila siku ambayo joto limeshuka hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, kisha jumla zote mbili huunganishwa. Theluji ikiwa nene kiasi hicho, kulungu hujazana chini ya mierezi na hemloki kujikinga upepo, wakitafuna mafuta yao wenyewe. Majike huzaa watoto dhaifu, na ndama wa mwaka uliopita ndio hutangulia kufa. Baada ya baridi kali ya 2013 kuingia 2014, wilaya nyingi za kaskazini hazikutoa kabisa vibali vya jike. Kule na mwaka ule, mzee wenu alikuwa sahihi kuliko wote watatu.

(Atakwambia pia kwamba ni mbwamwitu wamewamaliza. Mbwamwitu wanakula kulungu, hilo halina ubishi, na mahali fulani wanapunguza. Lakini kwa jimbo zima, mwaka wenye theluji nyingi humaliza zaidi. Usibishane naye juu ya hilo usiku kambini, hamtalala.)

Twende Texas. Kijana wenu anachekwa kwa sababu ya mashine ya mahindi, na wanaomcheka wengi hawajawahi kukanyaga vichaka vya kusini mwa jimbo hilo. Ardhi ya Texas, takriban asilimia 95, ni mali ya watu binafsi. Kulungu mkia-mweupe wapo zaidi ya milioni tano, wengi kuliko jimbo lingine lolote. Mwindaji hukodi shamba, hulipa kwa msimu, na mwenye shamba anapanga wapigwe wangapi. Vichaka vyenye miiba ni vizito kiasi kwamba ukitaka kumnyatia kulungu kwa miguu atakusikia mapema, na wewe hutamwona kabisa. Mahindi humtoa mnyama kwenye uwazi, akasimama, nawe ukapata nafasi ya kuona kama ni jike, dume changa au dume zee, na ya kupiga pale panapoua haraka. Kwa kigezo cha mnyama kutoteseka, dungu na mahindi hushinda mara nyingi mtu anayefyatua risasi kwa kulungu anayekimbia kwenye theluji ya kufika kiunoni huku akijisifu kwamba yeye ndiye mwindaji wa kiume.

Lakini mahindi yana kesi nyingine, na kesi hiyo haihusu heshima. Kuna ugonjwa wa kulungu wa kudhoofika hadi kufa, unaosababishwa na prioni, yaani protini iliyopinda na kuzipinda nyingine. Uligunduliwa kwanza Colorado mwaka 1967 kwa kulungu waliofugwa, ukaonekana Wisconsin mwaka 2002, na mwaka 2016 ukapatikana Norway kwa kulungu wa kaskazini (reindeer) wa porini. Hauna dawa wala chanjo. Prioni hupita kwenye mate, mkojo na kinyesi, na hukaa kwenye udongo kwa miaka. Sasa panga midomo 20 kwenye rundo moja la mahindi kila jioni. Ndiyo maana kwenu chambo kimepigwa marufuku wilaya kwa wilaya kulingana na mahali ugonjwa ulipoonekana, na ndiyo maana Michigan ilikipiga marufuku katika rasi yake yote ya kusini. Kijana wa Texas akija Wisconsin na desturi ya kwao, kosa si kwamba hana uungwana. Kosa ni kwamba amebeba desturi bila kuuliza hali ya afya ya wanyama aliowakuta. Tena hata kwao ugonjwa umefika, na mabishano yameanza.

Kuhusu uzio mrefu unaofungia madume ya pembe kubwa ili tajiri achague lake kama anavyochagua ng'ombe mnadani, sitajificha: mimi siuiti uwindaji. Klabu ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake, iliweka wazo la mawindo ya haki, kwamba mnyama awe huru na awe na nafasi halisi ya kuponyoka. Katika eneo la maelfu ya hekta ndani ya uzio, mtu mwenye akili anaweza kubishana nami. Katika boma dogo, hana hoja.

Mbwa wa Carolina Kusini ni suala la mipaka zaidi kuliko la mnyama. Ukanda wa pwani una vinamasi na misitu minene, na msimu huko hufunguliwa tarehe 15 Agosti, joto likiwa kali na majani yakiwa yamefunga. Zamani mashamba yalikuwa makubwa, mbwa wakakimbiza, watu wakajipanga njiani na bunduki za marisau, na jioni nyama ikagawanywa. Desturi ile ilikuwa ya kijamii sana, hata watoto walikuwa na kazi yao. Leo ardhi imekatwa vipande, na mbwa hasomi ramani. Anaingia kwa jirani aliyekaa kimya kwenye dungu lake tangu alfajiri, siku ya jirani ikaharibika, na ugomvi unafika mahakamani. Ukiwauliza wengi wanaopinga, malalamiko yao makubwa ni uzio na barabara, mateso ya kulungu yanakuja baadaye.

Magharibi ya Marekani kungewashangaza wote watatu. Nevada, ambako zaidi ya nusu ya ardhi ni ya serikali kuu, kibali cha kulungu hupatikana kwa bahati nasibu tu, na mtu anaweza kukaa miaka bila kuchaguliwa. Wanawindwa zaidi kulungu wa masikio makubwa, wanaohamia mbali kati ya malisho ya kiangazi na ya baridi. Baridi ya 2022 kuingia 2023 iliwaua kwa wingi magharibi mwa Wyoming. Mtu aliyengojea kibali miaka minane akisikia kwamba Texas leseni moja inaweza kuruhusu kulungu watano kwa mwaka, hukasirika kama aliyefunga anayemtazama jirani akimwaga chakula.

Ukivuka bahari mambo hugeuka zaidi. New Zealand kulungu waliletwa na walowezi, hawana adui wa asili, na kwenye sehemu kubwa ya ardhi ya umma hakuna msimu wala kikomo, ila kibali cha bure. Huko mwenye kuacha majike ndiye anayelaumiwa. Uskoti iliondoa msimu wa kutowinda madume mwaka 2023 kwa sababu kulungu wanazuia misitu kurudi. Ujerumani mwindaji humwekea mnyama aliyemuua kijitawi mdomoni kama tonge la mwisho, akasimama kimya kwa heshima, kisha akaiuza nyama buchani kihalali. Mmarekani akisikia neno kuuza hushtuka, kwa kuwa kwake biashara ya nyama ya kulungu wa porini ndiyo iliyokaribia kuwamaliza, na imekatazwa. Mwone Mjerumani na Mmarekani wakitazamana: kila mmoja ana adabu ambayo mwenzake haioni.

Je, basi kila kitu ni ruksa, kutegemea mahali? Hapana. Nimewinda na kukagua katika sehemu tofauti, na kuna jambo moja ambalo sijaona mkoa unaoliruhusu: kumjeruhi mnyama kwa uzembe. Nalisema nikiwa nimelifanya. Miaka mingi iliyopita, jua likizama, nilimpiga dume akiwa amenigeuzia kiuno kwa mshazari. Nilijua pembe ile ni mbaya. Nilijiambia dakika mbili zaidi giza litaingia, na kidole kikatangulia akili. Alikimbia amejikunja mgongo, dalili ya risasi ya tumbo, nami badala ya kungoja saa nyingi nikamfuata papo hapo kwa tochi, nikamwamsha alipolala, akavuka kijito. Tulimpata kesho yake mchana, nyama imeharibika. Hakuna sheria niliyovunja. Kibali kilikuwa halali, saa ilikuwa halali, na aliyekuwa nami hakunilaumu. Tangu hapo nikisikia watu wanagombania mahindi na mbwa, huwa namtazama yule asiyejua bunduki yake inapiga wapi kwa mita 100, maana huyo haulizwi.

Kwa hiyo, kibali chako. Kwanza tazama kimetolewa kwa eneo gani, maana kila wilaya kwenu ina baraza linalopendekeza idadi ya majike kila mwaka, na ramani ya msimu inatenganisha misitu ya kaskazini na mashamba. Kama ni kwenye mashamba, na umeona ndama wawili wawili nyuma ya majike kiangazi chote, mpige jike bila kuona haya. Ukiweza kuchagua, chagua aliye peke yake mapema katika msimu, wala usiogope kuwaacha yatima ndama wa Novemba: wameshaachishwa ziwa. Angalia tu usimdhanie dume mchanga kuwa jike, kichwa chake ni bapa juu kati ya vivimbe vya pembe, cha jike kimeviringa. Kama ni kaskazini, na baridi iliyopita ilikuwa kali, kiache mfukoni. Kibali ni ruhusa, hakikulazimishi.

Mzee asikushinde kwa aibu, nawe usimshinde kwa takwimu. Mwambie umekuja kuuliza alivyokuwa akisoma nyayo kwenye theluji, kwa sababu hilo analijua na kijana wa Texas halijui.

Mkubaliane pia mapema juu ya jambo ambalo litawagombanisha zaidi ya majike. Wisconsin, kwa uwindaji wa bunduki, inaruhusu mwenzako wa kundi kumpiga kulungu atakayewekwa kwenye kibali chako, mradi mko karibu kiasi cha kuonana au kusikizana bila simu wala redio. Majimbo mengi hilo ni kosa la jinai, na wageni wenu wawili huenda wakaliona ni wizi. Semeni asubuhi nani anapiga kwa ajili ya nani, kabla risasi haijalia.

Ukishapata mnyama, msajili kwa muda uliowekwa, kisha peleka kichwa kwenye sanduku la sampuli la idara kama wilaya yako iko kwenye eneo la ugonjwa. Haijathibitishwa kwamba prioni hizo humpata binadamu, lakini ushauri wa wenye afya ya jamii ni kutokula nyama iliyopimwa ikakutwa nazo. Igandishe nyama yake peke yake, iandike namba ya sampuli, usiichanganye na ya wenzako kwenye mashine ya kusaga mpaka jibu lirudi.